Tochi ya Kibarua wa Reli

Kwa miaka ishirini na miwili mwalimu huyu alifundisha Historia katika shule ileile, na kwa karibu miaka yote hiyo wanafunzi walimwita Nani-Kasema. Jina hilo hakupewa bure; alilitolea jasho. Mwanafunzi akisimama na kutangaza kwamba mtawala fulani alipendwa na watu wake, mwalimu hupandisha miwani hadi kwenye paji la uso na kuuliza: “Nani kasema? Alisema lini? Alijuaje? Alitaka nini?” Maswali manne. Ukiyajibu, unakaa. Usipoyajibu, unabaki wima na kiti chako kinapoa. Wapo walioyabeba maswali hayo hadi nyumbani, na kuna mzazi aliyewahi kuja shuleni kushtaki kwamba binti yake, alipoambiwa sukari imekwisha, alimuuliza mama yake amejuaje.

Mume wa Nani-Kasema ni fundi saa mwenye kibanda cha vioo kando ya posta. “Nilipopeleka posa,” huwaambia wateja bila kuondoa jicho kwenye lenzi, “aliniuliza manne hayohayo. Matatu niliyamudu. Lile la ‘alitaka nini’ ndilo lililonitoa kijasho.”

Muhula wa kwanza ulipokaribia kwisha ukaja waraka. Mkuu wa shule aliusoma katika ofisi ya walimu akiwa amesimama, jambo ambalo halifanyi ila kwa misiba na nyaraka. Kuanzia muhula wa pili, mwalimu yeyote wa Historia, Uraia au Maarifa ya Jamii asiyekuwa na Cheti cha Umahiri hataruhusiwa kufundisha darasa la mtihani. Cheti hicho kingetolewa baada ya mafunzo ya siku tano. Nani-Kasema alikuwa na kidato cha nne, darasa alilolipokea likiwa kidato cha kwanza, likidhani kwamba historia ni orodha ya tarehe. Alilisuka miaka mitatu na ushei. Lilibakiza miezi sita kuingia katika mtihani, na yeye mwenyewe alibakiza miaka mitatu kustaafu. Kwa hiyo hili lilikuwa darasa la mwisho ambalo angeweza kulivusha kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na sasa nauli ya kivuko ilikuwa karatasi moja yenye mhuri.

Nieleweke vyema. Mwalimu asiyejifunza ni kisima kisichopata mvua, na mimi ni wa kwanza kudai kwamba walimu wafundishwe, wafundishwe mara kwa mara, na wafundishwe na watu wanaojua kitu. Ninachokidharau, na nitaendelea kukidharau hadharani, ni ile sarakasi tunayoivalisha joho la elimu na kuiita mafunzo kazini.

Ukumbi wa kituo cha walimu una viti vya plastiki na feni tatu, ila moja tu ndiyo huzunguka. Siku ya kwanza walimu arobaini, wengi wao wenye mvi, waligawanywa katika vikundi vya Simba, Twiga, Nyuki na Sungura. Nani-Kasema, mwenye miaka hamsini na saba na magoti yanayolia, alikuwa Sungura. Kisha wakafundishwa makofi ya mvua: unagonga kiganja kwa kidole kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, hadi ukumbi mzima ungurume.

“Sungura hamjanyesha!” mwezeshaji mkuu alipaza sauti. “Sungura, rudieni!”

Sungura wakarudia. Mwezeshaji huyu alikuwa mtu mnene wa tabasamu, mwenye kadi mbili shingoni, na hadi saa nne asubuhi washiriki walikuwa wamekwisha kumbatiza Bwana Chanya, kwa sababu kila lililoharibika, kuanzia projekta hadi choo, aliwataka waliangalie kwa upande chanya. Alikiri mwenyewe, tena kwa fahari, kwamba hajashika chaki kwa miaka kumi na minne. Katika ufundi gani mwingine jambo hili huruhusiwa? Nani humpelekea kinyozi aliyeacha wembe miaka kumi na minne kichwa cha mwanawe akafundishie vinyozi wenzake?

Ukutani aliweka bango lililoandikwa MAEGESHO. Mtu akiwa na swali gumu, aliandike katika kikaratasi cha kunata akalibandike hapo, ili lisicheleweshe ratiba. Maswali yaliyoegeshwa pale hayakuwashwa injini tena.

Pembeni ya Nani-Kasema alikaa mwalimu wa Uraia wa shule yao, kijana wa miaka thelathini, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kutii. Kijana alimwita mama, naye Nani-Kasema alimwita mwanangu, na siku zote mbili za mwanzo kijana alimchorea katika daftari lake vikatuni vya Bwana Chanya akinyesha.

Siku ya tatu waligawiwa kabrasha jipya la mafunzo, lenye jalada la kung’aa. Sura ya pili ilihusu vyanzo vya msingi, yaani maandishi na vitu vilivyoachwa na watu waliokuwepo wakati jambo linatokea. Mfano uliowekwa ulikuwa barua. Chini yake paliandikwa kwamba ni ya kibarua wa reli kwa mkewe, miaka mia na ishirini iliyopita. Bwana Chanya akaisoma kwa sauti ya kilio:

“Mke wangu, nakuandikia nikiwa hemani, namulika karatasi kwa tochi ili msimamizi asinione. Reli hii inakula miguu yetu kabla haijapata magurudumu yake…”

Ukumbi ukaguna kwa huruma. Nani-Kasema hakuguna. Alipandisha miwani kwenye paji la uso, kisha akaishusha, akaisoma barua ile tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akairudia.

Aliifahamu. Iliandikwa miaka kumi na mmoja nyuma, katika darasa lake mwenyewe, na msichana wa kidato cha pili aliyekaa dawati la dirishani. Zoezi lilikuwa hili: jifanye kibarua wa reli, umwandikie mkeo. Msichana yule alimtia kibarua tochi mkononi. Mwalimu akaizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: “Betri alinunua duka gani?” Wakabishana, darasa zima likabishana, na kutokana na tochi ile moja wanafunzi wakajifunza namna andiko linavyoweza kumsaliti mwandishi wake. Lilikuwa somo zuri mno hata mwaka huo, mafunzo mengine ya aina hiihii yalipowataka walimu wapeleke kazi za wanafunzi, Nani-Kasema akapeleka nakala safi ya barua ile pamoja na tochi yake, akaiambatanishia karatasi ya maelezo: hii ni kazi ya mwanafunzi, ina kosa, na kosa lenyewe ndilo somo. Kazi hizo hazikurudishwa kamwe. Karatasi ya maelezo ilipotelea katika makabati ya waheshimiwa. Barua ikabaki peke yake, yatima, ikazeeka kabatini kwa miaka mia moja na tisa zaidi ya umri wake, na sasa imerudi na jalada la kung’aa kumfundisha yeye kazi yake.

“Kazi ya vikundi!” Bwana Chanya alitangaza. “Barua hii inatufundisha nini? Dakika kumi na tano!”

Kikundi cha Simba kiliandika kwamba vibarua waliwapenda wake zao. Kikundi cha Twiga kiliandika kwamba hema ni makazi ya muda. Kikundi cha Nyuki, chini ya uongozi wa mwalimu mwenye shahada mbili, kiliandika kwa kalamu nene ya kijani: “Reli ilileta maendeleo ya teknolojia, mfano tochi.”

Nani-Kasema akasimama.

“Naomba kuuliza. Nani aliiandika barua hii?”

“Kibarua, mama yangu. Imeandikwa hapo chini.”

“Nani kasema ni kibarua?”

Watu wawili watatu wakacheka. Hata hapo ukumbini jina lake lilikuwa limemtangulia.

“Kabrasha, mama.”

“Na kabrasha liliitoa wapi?”

“Swali zuri sana!” Bwana Chanya alisema, akiwa tayari ameshika kikaratasi cha njano. “Zuri kweli. Hili tuliegeshe.”

Wala hakuna mwingine aliyesimama. Walimu arobaini wa Historia na ndugu zake, watu wanaolishwa na somo ambalo kazi yake ya kwanza ni kuuliza umejuaje, waliinamisha vichwa wakasahihisha mistari ya majedwali yao kwa rula.

Alasiri hiyohiyo Nani-Kasema hakwenda nyumbani. Alikwenda mtaa wa nyuma ya soko, kwa fundi cherehani mmoja mwenye cherehani mbili na kioo kirefu kilichopasuka, akalisoma lile kabrasha kwa sauti huku mwenye duka akipindisha upindo wa sketi.

Fundi aliinua mguu kwenye pedali. “Hebu rudia hapo kwenye miguu.”

“Reli hii inakula miguu yetu kabla haijapata magurudumu yake.”

“Mwalimu! Si mimi huyo!”

“Ndiye wewe. Una miaka mia na ishirini, na una mke.”

Fundi alicheka hadi akakaa sakafuni, tepe ikiwa shingoni, na wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakacheka naye bila kujua wanacheka nini. Kisha akafungua droo. Daftari lake la Historia la kidato cha pili lilikuwa humo, si kwa sababu alipenda kumbukumbu, bali kwa sababu lilikuwa na kurasa nyingi zilizobaki, naye huandikia humo vipimo vya wateja. Nusu ya kwanza ilikuwa vita na mikataba. Nusu ya pili ilikuwa vifua na viuno. Na katikati palikuwa rasimu ya barua, tochi yake ikiwa imezungukwa na wino mwekundu wa mwalimu.

“Lichukue,” fundi alisema, akinakili haraka vipimo vya wale wawili wa benchi. “Ila urudishe, mwalimu wangu. Humo kuna mabibi wakubwa, wakijua viuno vyao vinatembea mjini watanichinja.”

Siku ya nne, wakati wa chai, aliliweka daftari mbele ya Bwana Chanya, akalifungua penye wino mwekundu, akaeleza kila kitu kwa utaratibu kama anayemweleza mwanafunzi mzito. Yule bwana alisoma. Tabasamu halikumtoka, lakini lilibaki usoni kama pazia lililosahauliwa baada ya mchezo kwisha.

“Mama yangu,” alisema hatimaye, “makabrasha elfu sita yamekwisha kuchapwa.”

“Basi kosa limechapwa mara elfu sita.”

“Tuangalie upande chanya. Iwe kweli, isiwe kweli, inagusa hisia. Mwanafunzi akilia, amejifunza.”

“Amejifunza nini?”

“Kuhurumia.”

“Basi mumwite aliyeiandika aje awafundishe huruma. Yuko nyuma ya soko anapindisha sketi. Mimi nimeajiriwa kufundisha historia.”

Akaingia ukumbini, akasimama mbele ya bango la ratiba, akawaambia wenzake alichokiona. Alionyesha daftari. Halafu mwalimu mwenye shahada mbili, yule wa tochi na maendeleo ya teknolojia, akasafisha koo.

“Mwalimu, kwa heshima zote. Kesho ni kufunga. Tusicheleweshe vyeti kwa ajili ya tochi.”

Wakapiga makofi. Makofi ya mvua, tena wakanyesha vizuri. Ningependa kuandika kwamba angalau mmoja wao aliona haya, lakini sikuambiwa hivyo, na mimi siandiki nisichoambiwa. Watu hawa ndio tunaowakabidhi watoto wetu ili wafundishwe kutodanganywa.

Siku ya tano zikagawiwa fomu za tathmini. Swali la sita liliuliza: “Je, nyenzo za mafunzo zilikuwa sahihi?” Palikuwa na kisanduku cha Ndiyo na kisanduku cha Hapana, na mistari mitatu ya maelezo. Vyeti vilikuwa vimepangwa mezani, na Bwana Chanya alikuwa akipokea fomu kwa mkono mmoja na kutoa cheti kwa mkono wa pili. Fomu yenye Hapana, alieleza kwa upole, ingelazimika kurudi makao makuu kwanza ili ifanyiwe uhakiki, na cheti chake kingesubiri.

“Hadi lini?” aliuliza mtu.

“Hadi uhakiki ukamilike.”

Mwalimu wa Uraia alimwinamia Nani-Kasema sikioni. “Mama, weka tiki tu. Tiki haimuui mtu.”

“Mwanangu, wewe umeweka wapi?”

Kijana alitazama kiatu chake. “Kwenye Ndiyo. Mke wangu anakaribia kujifungua, mama, siwezi kugombana na watu. Na wewe fikiria darasa lako. Funika kombe mwanaharamu apite.”

“Na akipita, anakwenda wapi? Si anaingia darasani?”

Hapo ndipo alipokaa muda mrefu, kalamu mkononi. Usidhani alikuwa jiwe. Aliwafikiria watoto arobaini na wawili wa kidato cha nne, akamfikiria mvulana mmoja, mtoro wa zamani, aliyekuwa ameanza kusoma magazeti kwa hiari yake, na aliniambia kwamba kalamu ilikwenda kwenye Ndiyo mara mbili. Tiki moja, na Jumatatu angesimama mbele yao. Lakini angesimama akiuliza nini? Maswali yake yote manne yangekuwa yamekwisha kufa kwa mkono wake. Akaweka tiki kwenye Hapana. Akajaza mistari mitatu ya maelezo, akageuza karatasi, akajaza na nyuma.

Jioni mumewe alimsikiliza hadi mwisho huku akifunga skrubu isiyozidi punje ya mchanga. “Saa isiyosema kweli,” alisema, “huwa namrudishia mwenyewe hivyohivyo kuliko kuibandikia kioo kipya. Umefanya vyema, mama watoto.” Kisha akaongeza, “Ila utanisumbua sana ukikaa bila darasa.”

Jumatatu mkuu wa shule alimwita ofisini. Kidato cha nne kilipewa mwalimu wa Uraia, ambaye aliwahi kusoma Historia kidogo chuoni na alikuwa na cheti. Nani-Kasema alikabidhiwa stoo ya vitabu, chumba chenye madawati mabovu, ramani zilizoliwa na mchwa, funguo mbili, na rejista ya kuazima.

“Mikono yangu imefungwa, mwalimu,” mkuu alisema.

“Na nani?”

Mkuu alihamisha stepla kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine.

Stoo ile inapakana na darasa la kidato cha nne kwa ukuta mmoja mwembamba. Kwa majuma mawili alifuta vumbi na kusikiliza. Alisikia kijana akilisomea darasa imla, nalo darasa likiandika; alisikia makofi ya mvua, akakunja uso. Halafu Jumanne ya juma la tatu, baada ya mapumziko, akasikia sauti ya kijana ikisoma polepole: “Mke wangu, nakuandikia nikiwa hemani…”

Aliweka tambara chini.

Kijana alimaliza kusoma. Kisha sauti ya msichana, ya adabu, isiyo na haraka:

“Mwalimu, nani kasema?”

“Kabrasha limesema. Ni chanzo cha msingi.”

“Na kabrasha lilijuaje, mwalimu?” Huyu alikuwa mvulana, yule mtoro wa zamani. “Iliokotwa wapi? Nani aliitunza?”

“Tuendelee. Maswali tutayaegesha…”

“Mwalimu, samahani. Tochi?”

“Tochi imefanya nini?”

“Betri alinunua duka gani?”

Darasa likalipuka kwa kicheko. Hakuna aliyewasimulia; barua ile ilikuwa ya miaka mingi kabla yao, na Nani-Kasema hakuwahi kuwaonyesha. Waliiona wenyewe, kwa dakika nne, watoto wa miaka kumi na saba, jambo ambalo ukumbi wa walimu arobaini haukuliona hadi ulipoonyeshwa.

Kengele ilipolia, kijana alikuja akasimama mlangoni mwa stoo, jasho kwenye ukosi. Hakuingia. Nani-Kasema aliendelea kupanga vitabu kwa ukubwa wake.

“Wamenisimamisha wima, mama,” kijana alisema hatimaye.

“Wamekusimamisha au umekutwa umesimama?”

“Nimewaambia nitawajibu kesho.” “Lile daftari bado unalo?”

Alikuwa nalo; fundi cherehani alimwachia hadi mwisho wa mwezi. Darasa halikurudi kwake siku hiyo, wala halijarudi hadi ninapoandika haya. Fomu yake ingali inahakikiwa na watu ambao hatujawahi kuwaona, na makabrasha elfu sita yamekwisha kusambazwa kama yalivyo. Lakini alifungua droo, akalitoa daftari, akaliweka mezani chini ya kiganja chake, na kwa mkono wa pili akamsogezea kijana rejista ya kuazima.

“Jaza.”

Kijana aliandika jina lake. Akaandika tarehe. Alipofika kwenye safu ya sababu, kalamu ikasita.

“Niandike nini hapa, mama?”

“Kilichokuleta.”

Akafikiri. Akaandika maneno mawili, akamgeuzia rejista asome. Nani-Kasema alipandisha miwani kwenye paji la uso, akayainamia: *Mafunzo kazini.*

Akaondoa kiganja juu ya daftari.

“Lirudi Ijumaa,” alisema. “Na usifungue kurasa za nyuma. Kuna viuno vya watu.”